Barua Zisizo na Kichwa

Winfrida aliweza kupiga chapa barua ya kiofisi huku amefumba macho. Kumbukumbu namba juu, tarehe, anwani ya mpelekewa, kisha YAH:, yaani yahusu, kwa herufi kubwa na mstari ulionyooka chini yake. Barua ya ofisi isiyo na YAH, kwake yeye, ilikuwa porojo. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minne katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, mpaka zama za ruksa na soko huria zilipoingia, kiwanda kikauzwa na wafanyakazi wakaandikiwa barua za kupunguzwa. Barua zile alizipiga yeye, mia mbili na ushei, na yake ikiwamo. Hata hiyo aliipigia mstari.

Lakini YAH ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo aliuchora Winfrida mwenyewe nyumbani kwao, juu Mgeta, kunakolimwa kabichi na njegere hadi ukingoni mwa mawe. Wakati ule alikuwa anasomea uhazili, na mdogo wake Lukasi alikuwa sekondari ya bweni. Kijana akaona madaftari ya dada yake, akanogewa. Siku moja akamwandikia mama yao: YAH: KUTUMIWA SABUNI NA DAFTARI. Katekista aliisoma barua kwa sauti mbele ya majirani. Mama yao, Bernadeta, akasema, "Mwanangu ananiandikia kama Bwana Shauri wa enzi za mkoloni." Siku ile hakula.

Likizo ilipofika Winfrida alimkalisha mdogo wake jikoni. "Ndugu si ofisi," alimwambia. "Barua ya nyumbani haiwekwi kichwa. Unasalimia, unauliza hali, mengine yanajileta yenyewe." Lukasi akashika. Tangu hapo barua zake zote zilianza na salamu nyingi zikufikie popote ulipo, na dhumuni la waraka huu ni kukujulia hali, hata kama dhumuni lenyewe lilikuwa nauli.

Walikuwa wawili tu. Winfrida ndiye aliyembeba Lukasi mgongoni wakati mama yao anashuka na mzigo wa mboga kwenda mnadani, na ndiye aliyemfundisha kushika kalamu. Kijana akatokea kuwa na kichwa chepesi, akasoma, akasomeka, na mwaka 1994 akapata nafasi ya kwenda Norwei kusomea misitu. Winfrida, ambaye wakati huo alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Prisca, alirudi nyumbani kwake kutoka kumsindikiza akajikuta anabandika chai ya watu watatu. Alifanya hivyo wiki nzima. Alimkumbuka mdogo wake kwa namna ambayo watu wazima huona haya kuisema, kwa hiyo hakuisema.

Mwanzoni mwa mwaka 1997 alipata kazi ya ukatibu muhtasi katika mradi wa mbegu za mboga uliokuwa na ofisi njia ya kwenda Kilakala. Hapo ndipo alipokutana na kompyuta. Ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani, haina kipanya wala picha, kila kitu ni herufi. Fundi Abeid alitoka Dar es Salaam, akakaa siku mbili, akaingiza programu moja ya kusomea barua pepe pamoja na makundi ya habari. Makundi yale yalikuwa mabaraza ya ajabu: mtu akibandika neno lake, kila aliyejiunga popote duniani analisoma, kama tangazo kwenye mlango wa kanisa. Mara mbili kwa siku mashine ilipiga simu Dar, ikalia kwa mluzi na mikwaruzo, ikapeleka vya kupeleka na kuleta vya kuletwa.

Wengine pale ofisini waliiogopa. Winfrida aliipenda, kwa sababu kumbe ndani yake ilikuwa utaratibu mtupu. Mipangilio yote ilikaa katika faili moja la maandishi, mstari mmoja kwa jambo moja: jina la ofisi, mahali pa kuchukulia barua, makundi ya kusomwa, saini ya kuweka chini. Ukiweka alama ya reli, #, mwanzoni mwa mstari, mashine iliuruka mstari huo kana kwamba haujaandikwa. Abeid alimwachia daftari la maelezo. Baada ya wiki tatu alikuwa anafanya mambo ambayo hayamo daftarini.

Jambo la kwanza alilofanya kwa siri ni kumpelekea Lukasi anwani ya barua pepe ya ofisi kwa posta. Jibu lilikuja kwa mashine, siku ileile lilipoandikwa. Dada mpendwa, salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Winfrida alizoea kungoja mwezi mzima kwa barua moja. Sasa alikaa akiitazama tarehe pale juu asiamini macho yake. Ikaja ya pili. Zote mbili alizichapisha na kuzikunja vizuri kwenye Biblia.

Kisha takataka zikaanza. Kutoka kwenye yale makundi yalimwagika matangazo ya kila uchafu, hata kufungua mashine asubuhi ikawa adhabu. Mkuu wa mradi, Dokta Stambuli, akamwita.

"Mama Prisca, mtandao wetu umekuwa jalala. Barua za wafadhili nazitafuta kwa tochi."

"Nitaushughulikia, Dokta."

Akaushughulikia kweli. Alizichambua takataka mbili tatu, akaona jambo moja: nyingi hazikuwa na kichwa. Nafasi ya somo ilikuwa tupu. Winfrida alicheka peke yake. Miaka yote ile ya kupiga mistari, na leo mashine yenyewe inamuunga mkono. Akafungua faili la mipangilio, akaongeza mstari: ujumbe wowote usio na kichwa, ufutwe kabla ya kusomwa. Kesho yake sanduku lilikuwa safi kama ua lililofagiwa, na Dokta Stambuli alimsifu mbele ya wenzake wakati wa chai. Naye akajiona kapata. Mtu akisifiwa hivyo mbele za watu, ni nani atamwambia aangalie alichokitupa?

Ilikuwa Machi. Lukasi akanyamaza.

Winfrida alijipa sababu. Mitihani. Baridi. Mei alimwandikia jambo zito: Prisca alikuwa amechumbiwa na Yohana, fundi umeme wa Kihonda, na ukoo unangoja neno la mjomba. Kwao Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Wajomba wakubwa walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, amebaki Lukasi pekee. Katika barua ile Winfrida hakugusia ukimya wa mdogo wake hata kidogo, maana anayeomba haanzi kwa kulaumu. Wala hakuandika tena. Neno likishawekwa mbele ya mjomba, haliharakishwi, hata kama mjomba mwenyewe ulimbeba mgongoni.

Akangoja. Juni, Julai, Agosti. Kila mashine ilipoanza kupiga mluzi aliacha alichokuwa anafanya. Alijua sasa sauti ya mzigo mkubwa na ya mzigo mdogo. Watu wa Yohana walikuja mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu walikunywa chai bila kusema walichojia. Prisca alikonda. Mara Winfrida alimwona Lukasi mgonjwa kitandani nchi ya watu, mara alimwona ameoa na kuwasahau, na hili la pili lilimuuma zaidi, halafu akaona aibu kwamba lilimuuma zaidi.

Oktoba nyaya za simu zilikatika mahali njiani, siku tisa mashine ikawa bubu. Tarehe kumi na nane ikaamka. Ujumbe wa kwanza kushuka ulikuwa na kichwa kwa herufi kubwa, YAH: OMBI LA KUJIBIWA. Winfrida alidhani ni wa ofisi, akaufungua huku anakoroga chai.

"Kwa Katibu Muhtasi. Ndugu, somo la hapo juu lahusika. Naandika kwa utaratibu wa ofisi kwa kuwa barua za undugu nimeandika kumi na moja tangu Machi, na wewe umeniandikia mara moja tu, kwa jambo lako, bila kugusia langu hata moja. Kuhusu suala la Prisca, rejea barua yangu ya tarehe 9 Juni, ambamo neno langu nimelitoa lote. Masomo yangu yamekwisha. Anwani hii itafungwa tarehe 15 Oktoba na sijui nitakuwa mji gani. Wako katika ujenzi wa Taifa, Lukasi."

Aliisoma mara mbili. Mara ya tatu hakufika mwisho, kwa sababu alikuwa ameshaelewa. Ndugu si ofisi. Barua ya nyumbani haiwekwi kichwa. Yeye ndiye aliyemfundisha, jikoni, na mtoto alishika. Na yeye huyohuyo ndiye aliyeiambia mashine.

Abeid aliwahi kumwonyesha daftari ambalo programu hujiandikia yenyewe, orodha ya kila ilichofuta: tarehe, mtumaji, ukubwa. Hakuna aliyewahi kulisoma. Winfrida alilifungua, akashuka nalo ukurasa kwa ukurasa katikati ya wauza dawa za nywele na mashine za bahati nasibu. Jina la Lukasi lilikuwa humo mara kumi na moja. Ya Machi ndogo, za Aprili ndogo. Ya tarehe 9 Juni ilikuwa kubwa kuliko zote, ingetosha kurasa nne. Baada yake zilipungua, na ya mwisho ilikuwa mistari michache tu. Maneno hayakuwamo. Alimpigia Abeid simu Dar.

"Dada, zikishafutwa ndiyo basi," Abeid alisema. "Haziokoteki."

Alimjibu Lukasi palepale, bila kuchagua maneno. Jioni jibu lake lilirudi na taarifa kwamba mtu huyo hajulikani hapo.

Jumamosi iliyofuata alipanda Mgeta. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini na sweta lake, anamenya njegere.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja bila kutuma salamu, kuna msiba?"

Winfrida akamweleza yote, hakujificha. Kisha akasoma ile barua. Alipofika kwenye ujenzi wa Taifa, mama yake aliacha kumenya.

"Sasa na wewe amekuandikia kama Bwana Shauri," alisema, na hapakuwa na ubaya katika sauti yake. "Na neno lake la Prisca?"

"Lilikuwa kwenye barua ya Juni, mama. Sijui alikubali au alikataa. Nimeitupa mimi."

"Umebaki na nini?"

Winfrida alimpa karatasi aliyoichapisha, mistari kumi na moja. Bibi Bernadeta hakujua kusoma, lakini aliishika kwa mikono miwili na kuuliza mstari mmoja mmoja ni upi na barua yake ilikuwa ndefu kiasi gani. Winfrida akamwonyesha kwa vidole: hii fupi, hii fupi, hii nusu ukurasa. "Na hii ya Juni?"

"Kurasa nne, mama."

Bibi alirudia tena kuuliza, akajibiwa vilevile. Akachukua njegere nyingine.

"Anayekataa haandiki kurasa nne," alisema. "Kukataa ni neno moja, na Lukasi ninamjua. Hizo kurasa anamuusia mtoto. Waambie watu wa Yohana waje."

Hapo ndipo Winfrida alipolia, kwa sababu ule usia ulikuwa kweli umeandikwa, wote, na maji yakimwagika hayazoleki.

Harusi ilifungwa Novemba katika kanisa la misheni, mvua ikinyesha. Pale mahali pa mjomba waliweka kiti, na juu ya kiti Bibi Bernadeta akaweka ile karatasi, akaiwekea jiwe isipeperuke. Wakati wa wosia kila mmoja alinyamaza kwa muda ambao mjomba angesema. Winfrida alikitazama kile kiti na kujaribu kusikia kurasa nne. Alisikia mvua juu ya bati.

Jumatatu aliwahi ofisini kabla ya wenzake. Alifungua faili la mipangilio, akautafuta ule mstari wake wa Machi. Hakuufuta, aliuwekea alama ya reli mbele, ubaki pale auone kila siku na mashine iuruke. Kisha akaingia kwenye kundi la habari la Watanzania walio ng'ambo, wengi wao wakibishana siasa na mpira, akaanza kuandika.

"Lukasi mdogo wangu, salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Dhumuni la waraka huu ni kukujulia hali. Prisca ameolewa, tulikuwekea kiti. Barua zako kumi na moja zilifika, nikazitupa kwa mkono wangu kabla sijaziona. Hukunikosea. Niandikie zile barua upya, hasa ya Juni. Kama kuna anayemjua, amwambie dada yake anangoja."

Alipobonyeza kutuma, mashine ilisita na kumwuliza: ujumbe huu hauna kichwa, utumwe hivyohivyo? Winfrida aliutazama ule mstari mtupu juu ya barua, mahali ambapo vidole vyake vilikwenda vyenyewe maisha yake yote. Akakubali uende hivyohivyo.

Dokta Stambuli amelalamika mara mbili tangu siku ile kwamba jalala limerudi. Mama Prisca humjibu kwamba analishughulikia. Hufika mapema, huvuta kiti, na zile zote zisizo na kichwa, za dawa za nywele na za bahati nasibu, huzifungua moja moja na kuzisoma mpaka mwisho.