Umeme Ajifunza Kukaa

Mke wangu ni muuguzi, na leo msinikatize, nitamsifu mpaka mchoke. Mimi ni kinyozi. Kazi yangu nusu ni mashine, nusu ni mdomo, na mteja akishakaa kwenye kiti changu haondoki bila kusikia habari za Mama Pacha. Hilo ndilo jina lake mtaani tangu tujaliwe mapacha wetu. Hospitalini wana jina lao. Kule wodi ya upasuaji walimwita Umeme.

Na kweli alikuwa umeme. Niliwahi kulazwa kwake kwa ajili ya ngiri, nikajionea kwa macho yangu. Kabla hujamaliza kuguna, bandeji imeshabadilishwa, dripu imeshatazamwa, shuka limenyooshwa, mto umegeuzwa, na yeye yuko kitanda cha jirani. Wagonjwa walimpenda. Mimi nilivimba kichwa pale kitandani, ngiri na yote.

Basi wakamletea mwalimu mstaafu aliyevunjika mguu na kufanyiwa upasuaji. Mama Pacha alikihudumia kile kidonda mpaka kikafunga vizuri ajabu, madaktari wakawa wanaitana kuja kukitazama. Lakini mzee mwenyewe aligeukia ukutani. Hali chakula, hasemi. Mke wangu alimfunika, akampima presha, akamwekea mto sawa, akapita. Siku ya kuruhusiwa, binti yake alisimama mlangoni na mfuko wa nguo za baba yake, akasema, "Sista, mguu nimeuona, Mungu akubariki. Ila baba yangu simwoni."

Mama Pacha akaubeba ule mfuko mpaka nje. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi na viatu vya kazi miguuni. Kisha akaniambia, "Baba Pacha, narudi shule."

Shule yenyewe ilikuwa uzamili wa uuguzi wa afya ya akili. Anaingia darasani ilhali ni muuguzi aliyesajiliwa tangu mapacha hawajazaliwa, na vyeti vyake vimetundikwa sebuleni. Dada yangu aliposikia akashika kiuno. "Wifi, kwa umri huu unakwenda kusomea vichaa? Utaishia kuongea peke yako."

"Ni wagonjwa, wifi," mke wangu alimjibu taratibu. "Kama wale wa mguu."

Mimi taratibu sikuiweza. Nilimwambia dada yangu kwamba anayeongea peke yake hapa ni yeye, maana hakuna anayemsikiliza. Alininunia mpaka mvua zikaisha. Na aninunie.

Vitabu havikumpa shida. Alivisoma jikoni, akavisoma akikunja nguo, mpaka mapacha wakajua majina ya dawa. Shida ilikuja kwenye vitendo. Mhadhiri wao, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, alikaa pembeni akimtazama anavyozungumza na mgonjwa. Walipotoka akamwambia, "Umetandika kitanda. Umepima mapigo ya moyo bila kutumwa na mtu. Umeuliza maswali, na mengine umejijibu mwenyewe. Mgonjwa umemwacha pale pale ulipomkuta." Akamwonya kwamba akifanya hivyo mbele ya watahini, ataanguka. Na kuanguka kulikuwa na maana moja tu. Matroni wa hospitali yao alishasema kwamba ruhusa ya masomo haitolewi mara mbili. Akishindwa, anarudi kwenye bandeji moja kwa moja.

Siku hiyo alilia. Sikuzoea kumwona akilia. "Ni mikono yangu," aliniambia. "Haikubali kukaa. Nikiona shuka limekwenda upande, najikuta nimeshalishika."

Nikafikiri, nikapata dawa. Jumapili kibanda changu cha kunyolea kimefungwa. Nikampeleka pale, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikajifunga kile kitambaa cha kunyolea vibaya makusudi, kimekwenda upande kama kofia ya mlevi. Nikamwambia, "Mimi ni mgonjwa, sisemi. Nawe kaa hapo, usiniguse."

Tuliaibika wote wawili. Mimi na kunyamaza wapi na wapi? Nilistahimili kidogo tu, nikamuuliza kama mapacha wamefanya kazi zao za shule.

"Mgonjwa hana habari za mapacha," akasema, na papo hapo mkono ukaruka, ukakinyoosha kitambaa.

"Umeanguka," nikamwambia.

"Na wewe umeanguka."

Tukacheka mpaka jirani muuza viatu akaja kuchungulia. Lakini Jumapili iliyofuata tulirudi, na iliyofuata pia. Nilikitega kile kitambaa kila namna. Mara kinaburuta chini, mara kimekaa begani peke yake. Alikikodolea macho, vidole vinamcheza, jasho linamtoka puani. Polepole vidole vikatulia. Ikafika siku kitambaa kikaanguka chote sakafuni, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Nilitaka kushangilia, ila mgonjwa hashangilii.

Siku ya mtihani ikafika. Mgonjwa aliyepangiwa alikuwa mama wa makamo. Ni nani, anatoka wapi, ana nini, mpaka leo hajaniambia, na mimi na mdomo wangu huu sijauliza. Najua tu kwamba watahini walikaa nyuma na kalamu zao, yule mhadhiri kando yao, na yule mama alikuwa kitini kajitanda shuka la hospitali, macho chini. Mama Pacha akamsalimu, akajitambulisha, akamwambia, "Ukitaka kusema nitakusikiliza. Usipotaka, nitakaa nawe tu."

Akakaa. Mtahini mmoja akatazama saa. Shuka likaanza kuteleza, likaacha bega, likashuka mpaka kiwiko. Mke wangu anasema hapo alimsikia mhadhiri akivuta pumzi. Alihisi miaka yote ya wodi ya upasuaji imemkaa kwenye viganja. Hakunyanyua mkono. Alimtazama yule mama usoni, akangoja.

Yule mama akavuta shuka mwenyewe, akajifunika. Kisha akasema, "Wenzako wote hunifunika vizuri, halafu wanakwenda zao." Akainua macho. "Wewe umebaki. Kawaambie na wengine." Ndiyo maana neno hili naruhusiwa kuwaambia. Yaliyofuata, na yalikuwa mengi mpaka muda ukaisha, ni ya kwao wawili.

Alifaulu. Mhadhiri asiyecheka ovyo alicheka siku hiyo. Sasa hospitali ile ile imempa chumba chenye viti viwili na dirisha, na matroni mwenyewe ndiye anayewapeleka wagonjwa kwake. Nimefurahi, nasema wazi, nimejaa fahari mpaka shati linanibana.

Tulipomfanyia sherehe nyumbani, dada yangu ndiye aliyepika, ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Wakaniita niseme machache. Watu wakaguna, wakijua leo hatulali. Nikasimama. Nikamtazama mke wangu na joho lake, nikafungua mdomo, hapakuwa na kitu. Watu wakaanza kucheka. Mtu nyuma akasema kinyozi mashine imekata moto. Dada yangu akataka kuniokoa, aseme badala yangu.

Mama Pacha akamwekea mkono gotini, akamtuliza. Mimi tai yangu ilikuwa imekwenda upande, kila mtu aliiona, na yeye aliiona kabla ya wote. Hakuigusa. Alikaa mikono mapajani, akanitazama usoni kana kwamba hana pengine pa kwenda. Kicheko kikaisha chenyewe. Chumba kizima kikaningoja.

"Mke wangu ni muuguzi," nikasema mwishowe, machozi yananitoka mbele ya wateja wangu wote. Sikuwa na la kuongeza. Nikakaa.

Hapo ndipo alipogeuka akaninyoosha tai, chap, kama zamani.