Hema Nililolikataa

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo siikumbuki kwa kichwa tu bali kwa mwili mzima. Umenirudisha huko ulipoingia hapa jana na kuniuliza mnunue nini wewe na wenzako wa chuo kwa safari yenu ya msituni: bembea za kulalia, turubai au mahema. Ulikuwa na haraka, funguo za gari mkononi. Leo nimekuona umekaa, basi nikueleze vizuri.

Ilikuwa ile miaka ya 2014, 2015. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, lakini katika nchi hii nilikuwa bado mchanga. Tulikuwa tumeletwa hapa Louisville kutoka kambini Tanzania, na mimi nilikuwa nafunga maboksi katika ghala moja kule Okolona. Jioni nilikuwa mama wa vijana kanisani. Kila kiangazi vijana wa makanisa yetu ya Louisville, Columbus na Buffalo walikutana kwa siku tatu, wakaimba na kusoma Neno. Mwaka ule wenyeji walikuwa watu wa Columbus, nao wakaamua tulale nje, katika msitu wenye vilima kusini ya mji wao. Kila mji ujitafutie pa kulala. Mchungaji wetu akanipa mimi kazi ya kuchagua, kwa vijana kumi na mmoja.

Hakuna aliyeshangaa. Nilikuwa nimeishi kambini miaka kumi na minne, nani angenifundisha habari za hema? Na hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa sababu kuyajua niliyajua, lakini niliyachukia. Mtoto wangu wa pili nilimzaa chini ya turubai, mvua ikipiga juu hata mkunga hasikii ninachosema. Wa nne alifia humo humo. Siku tuliyopanda ndege niliapa kimoyomoyo kwamba sitalala tena chini ya plastiki, wala mtoto yeyote nitakayekabidhiwa hatalala.

Kwa hiyo vijana waliponionyesha kwenye simu picha za bembea, kile kitambaa chepesi kinachofungwa kati ya miti miwili, mtu amejilaza ndani anatabasamu, nilifurahi kuliko wao. Katika picha zile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyefanana na mkimbizi. Nikasema hizo hizo.

Kazini kulikuwa na mzee Mmarekani aitwaye Rei, mwindaji, aliyelala porini tangu utoto wake. Nilimweleza mpango wetu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Aliniuliza kama nimepaona mahali penyewe, akaniuliza ni akina nani watakaolala, kisha akaniuliza habari za vifuniko. Alisema bembea inahitaji kifuniko cha mvua kwa juu na kitu cha kuzuia baridi kwa chini, kwa maana hewa inapita chini ya mgongo usiku kucha, na blanketi unalolilalia linakandamizika hadi halina joto tena. Niliitikia kwa kichwa. Mahali sikuwa nimepaona. Kuhusu watu nilimjibu kwamba ni watoto, na watoto hulala popote. Kifuniko cha mvua nilikishika dukani, nikakikunjua kidogo, nikaona ni turubai lile lile limepewa jina jingine. Nikakirudisha kwenye rafu.

Swali la watu ndilo nililopaswa kulisikia. Kati ya wale kumi na mmoja alikuwamo Jeska, binti wa miaka kumi na minne, sauti ya kwanza katika kwaya, na mgonjwa wa selimundu. Unaujua ugonjwa huo: baridi ikimwingia mtu, maumivu yanashika mifupa na hayaachii. Mama yake, Mkongomani wa Uvira, alinikabidhi mtoto mlangoni kwake, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Mama Espe, joto," aliniambia. "Mengine, bon, utajua mwenyewe. Lakini joto."

Nikamwahidi.

Tulifika msituni saa kumi alasiri. Watu wa Buffalo walikuwa wametutangulia na wamesimamisha mahema mawili makubwa, ya zamani, moja lina kiraka, kwenye ardhi iliyoinuka kidogo. Na nani aliyetoka humo akijifuta mikono? Bibi Sarafina. Kambini alikuwa kiongozi wa mtaa wetu, ndiye aliyegawa maturubai na kutugombeza tuchimbe mifereji kabla ya masika. Alikuwa amepelekwa Lackawanna, kule jirani na Buffalo, na hatukuwa tumeonana kwa miaka saba. Tulikumbatiana mpaka kilemba chake kikaanguka.

Kisha akaja kuona tulipofunga bembea zetu. Akagusa moja, akatazama juu.

"Na mvua?"

"Juu yupo Mungu," nikamjibu, na vijana wakacheka.

Yeye hakucheka. Alisema hemani mwake pana nafasi ya watu wanne, nimpe wale wenye afya dhaifu. Mwanangu, hapo ndipo nilipotamka neno ambalo hadi leo natamani ningelimeza. Niliwageukia vijana nikawatania kwamba atakayekimbilia hema, huyo bado ni mkimbizi. Wakacheka tena. Jeska naye alicheka.

Mvua ilikuja baada ya sala ya jioni, si kubwa, ya kama nusu saa. Nikawaambia inapita, na kweli ilipita. Jeska nilimwongezea mablanketi mawili juu. Chini yake palikuwa na kitambaa kilicholowa na upepo wa kilimani.

Alfajiri niliamka mwili umekakamaa, nikasema moyoni, kama mimi niko hivi, yule je? Nilimkuta amekunja magoti hadi kifuani, ameuma ncha ya blanketi, midomo imepauka. Alikuwa amekaa hivyo muda mrefu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniita, alinijibu kwa Kiingereza, maneno machache, kwamba hakutaka kuwa mkimbizi.

Nilipiga kelele. Bibi Sarafina alifika kabla ya kijana yeyote. Tulimbeba Jeska hadi hemani kwake, tukamvua nguo zilizolowa, tukamzungushia chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye kitenge. Wakati kijana wa Columbus anakwenda kuleta gari, bibi yule alinivuta nje, akafunga zipu ya hema nyuma yetu ili mtoto asisikie.

"Esperansi, mimi pia nilizika watoto kule," alisema. "Najua kwa nini hutaki hema. Lakini wewe ulichagua kwa ajili ya aibu yako, na aliyelala juu ya aibu hiyo ni mtoto wa mwenzako."

Aliinama, akaniokotea kiatu changu kimoja kilichokuwa kimetoka, akanivalisha, akaniambia niende nikakae na mtoto hadi mwisho.

Hospitali ya Columbus walimpokea vizuri, wakamtundikia maji na dawa za maumivu. Daktari alisema tulifika kwa wakati. Mchungaji alikuwa amenipigia na kunishauri nimwachie yeye ampigie mama mtu, kwa upole, kidogo kidogo. Nilikataa. Nilipiga mwenyewe, nikamweleza yote: kifuniko nilichokirudisha, nafasi niliyoikataa, na ule utani. Hasa utani.

"Donc, kumbe ulinisikia," alisema, "lakini haukunisikiliza."

Alisafiri siku ile ile. Jeska alitoka hospitali siku ya nne, akiwa anatembea polepole. Mama yake aliniaga kwa mkono, akapanda gari, na baada ya hapo hakusema nami kwa miezi mingi. Kila Jumamosi baada ya shifti nilikwenda kwake na kubisha. Mara nyingine alifungua, mara nyingine hakufungua. Sikumlaumu, wala sikuacha kwenda.

Majira ya kuchipua yalipofika, kanisani walitaka kumpa mtu mwingine ile kazi ya vijana. Ilikuwa haki yao. Nilisimama mbele ya kikao, nikaomba niachiwe mwaka mmoja zaidi, na nikaeleza nitafanya nini kabla ya kumlaza mtoto wa mtu nje tena. Walinikubalia, wengine kwa shingo upande.

Nilianza na hema. Nililisimamisha uani nyuma ya nyumba yetu, majirani wakitazama kutoka madirishani. Usiku wa kwanza nilitoka baada ya dakika kumi nikakaa kwenye ngazi. Wa pili vivyo hivyo. Ile harufu ya plastiki iliyopashwa jua ilinipeleka moja kwa moja kwa yule mtoto wangu wa nne. Usiku wa tatu nililia humo ndani, nikamtaja kwa jina lake, nikabaki hadi asubuhi. Baada ya hapo lilikuwa hema tu.

Kisha nikalala kwenye bembea, mara hii nikiwa na kifuniko juu na godoro jembamba la sponji chini, na nakwambia mgongo wangu haujawahi kupumzika vile. Kisha nikalala chini ya turubai. Rei alinifundisha kulifunga upande mmoja chini ili kukinga upepo, na mimi nikamfundisha fundo moja la kambini ambalo hakulijua. Wiki sita nililala nje, kukiwa na mvua na kusipokuwa na mvua, na asubuhi nikaenda kazini Okolona.

Mwaka ule mkutano ulikuwa kwenye vilima vya kusini mwa Buffalo. Nilitangulia siku moja. Niligonga miti kwa kiganja, nikatazama juu kama kuna matawi makavu, nikafuata kwa miguu mahali maji yatakapopita. Vijana wenye nguvu niliwapa bembea pamoja na vifuniko vyake. Turubai nililifunga juu ya mahali pa kupikia na kukaa. Mahema niliyaweka kwenye ardhi kavu iliyoinuka, kwa ajili ya wazee, wagonjwa na yeyote atakayetaka, na nilitangaza mbele ya wote kwamba nitakayemsikia akimcheka mtu wa hemani atalala garini. Bibi Sarafina alipita akijaribu kila kigingi kwa mguu wake. Hakuna alichorekebisha, akaenda zake.

Sikuwa nimemtegemea Jeska. Lakini basi la Louisville liliposimama, alishuka, na nyuma yake akashuka mama yake, amebeba blanketi lake mwenyewe. Nikawaonyesha hema lao. Aliingia, akapapasa sakafu yote kwa viganja, akabonyeza magodoro, akachungulia kila kona. Usiku ilinyesha mvua kubwa kuliko ile ya Columbus. Asubuhi nilisimama mbali kidogo, uji ukiniungulia jikoni, nikingoja zipu ifunguliwe. Jeska alitoka kwanza, akiimba kwa sauti ya chini. Mama yake akafuata, akajinyoosha, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita.

"Bon," alisema. "Nimelala."

Basi, mwanangu, shauri langu ni hili. Usianze na duka. Anza na watu: nani ana pumu, nani ana mgongo mbovu, nani anaogopa lakini hatasema. Kisha nenda ukaone ardhi na miti, kwa macho yako. Penye miti mizima na watu wenye afya, chukueni bembea, lakini msiende bila kifuniko juu na kinga ya baridi chini. Turubai ni la anayejua kulifunga, na hata asiyelala chini yake atalihitaji juu ya moto. Usipokuwa na uhakika wa hali ya hewa, au kama yuko mmoja tu asiyeweza baridi, beba hema, hata kama zito. Chochote mtakachochagua, lala humo wewe kwanza, hapa nyumbani.

Na kitu kilichokuumiza zamani usikiache kikuchagulie mahali pa kuwalaza wengine. Kishughulikie mwenyewe, ukiwa peke yako, kabla hawajafika. Na ukikosea, piga simu wewe mwenyewe, useme yote.

Mungu akulaze pakavu, akuamshe mzima. Akupe masikio ya kusikia hata yule anayeumia kimya, na kila mzazi atakayekukabidhi mtoto wake ampokee akiwa anacheka. Nenda, mwanangu. Baraka zangu zote unazo.