Mshenga na Malengelenge Yangu

Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, mtaa wa Mchafukoge, na nilikuwa mtu wa hasira za karibu. Ukiniletea kitambaa kifupi ukataka suruali ndefu, tunagombana. Basi fikiria nilivyofura siku daktari aliponiambia kwamba yale malengelenge ya sehemu za siri, yaliyokuwa yakinichoma, yakipona na kurudi, nitakuwa nayo maisha.

"Yanatulia, hayaondoki," alisema. "Ukianza kusikia mwasho au mchomo, usimkaribie mwanamke mpaka ngozi ipone kabisa. Siku nyingine zote tumia mpira, kwa sababu unaweza kuambukiza hata pasipoonekana kitu. Na usijidanganye, mpira nao haufuniki kila mahali. Kwa hiyo mwenzako lazima ajue."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nilikuwa nimeshapeleka posa kwa binti mmoja wa Msimbazi, na nilimpenda mpaka nikawa nakata kola za watu vibaya. Nilitaka ajue kabla ya ndoa, na kama ni kukataa, akatae mapema. Lakini kwa desturi zetu mchumba huongei naye hovyo. Maneno yote ya posa hupita kwa mshenga. Wangu alikuwa mzee muuza kahawa, mwenye ulimi laini kuliko halua yake. Nikamweleza kila kitu.

"Mwanangu," akasema, "tangu lini mshenga akapeleka malengelenge? Kazi yangu kusifu."

"Safari hii sifu kidogo, Mzee, useme kweli."

"Niachie mimi."

Nikamwachia. Akarudi anatabasamu: wamesikia, wamekubali, tena kwa furaha. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa wakwe waelewa namna ile. Ijumaa iliyofuata baba mkwe akanikamata mkono nje ya msikiti, machozi yanamlengalenga.

"Kijana wa siku hizi kuweka nadhiri ya kujitenga na mkewe siku za ibada! Sijapata kuona."

Akawaita wazee wenzake waje wanione. Kabla sijafumbua mdomo nikaombwa niwaombee dua, mimi ambaye dua ndefu kuliko zote nilizozijua ilikuwa ya kula. Niliomba hiyohiyo, wakaitikia amina.

Nikamwendea mshenga mbio, nikamkuta anasuuza vikombe. "Mzee, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia kuna siku hutamkaribia mkeo. Si ndivyo alivyosema daktari?"

"Na sababu?"

"Sababu niliipamba."

Nusura nilipige teke dele lake la kahawa. Lilikuwa la moto, nikaghairi.

Ikabaki njia moja, foleni ya sabuni. Miaka ile sabuni ilikuwa adimu, na ikisikika kwamba imefika duka la ushirika, Kariakoo nzima inakimbia. Foleni ndipo mahali pekee binti aliyeposwa angeweza kusimama na mwanamume bila mtu kuuliza. Siku moja nikajipenyeza nyuma ya mchumba wangu, watu wakinitukana, nikamnong'oneza habari yote.

"Kwa hiyo hakuna nadhiri?" akauliza bila kugeuka.

"Hakuna."

"Baba ameshatangaza mpaka Jangwani."

"Najua."

"Na dawa?"

"Ya kuondoa kabisa hakuna. Kuna kujilinda." Nikamweleza mwasho, ngozi na mpira, jasho linanitoka.

Mama mmoja nyuma yetu akapaza sauti: "Nyie ndugu mnanong'ona nini? Sabuni imekwisha?"

Neno hilo likaruka mstari mzima. Watu wakasukumana, mlango ukayumba, muuzaji akapanda juu ya kaunta akiapa kwamba sabuni ipo. Vumbi lilipotulia, mchumba wangu alikuwa ameshaondoka. Mtu kuacha foleni ya sabuni akiwa ameuona mlango, ujue amekasirika. Nilinunua mche wangu wa sabuni nikarudi nyumbani nikijua nimekosa mke, na roho iliniuma sana.

Kukawa kimya. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia kila mteja wa nguo za harusi, ndipo mchumba wangu akaja barazani na kitambaa chake, eti apimwe gauni. Nikashika futi ya kupimia.

"Nimekwenda kwa daktari," akasema. "Amenieleza. Kumbe hata tukijilinda ninaweza kuyapata. Nimefikiri, na nitaolewa. Lakini ukisikia dalili, utaniambia wewe, kwa mdomo wako. Ukinyamaza, narudi kwetu."

Nikakubali kabla hajamaliza. Kukubali barazani ni rahisi.

Siku ya harusi, kwa hofu au kwa uchovu, sijui, mwasho ukaanza asubuhi wakati navaa kanzu. Alasiri nikaingizwa chumbani kwa bibi harusi. Nje ya mlango mashangazi zake walikuwa wameketi na ngoma, wanaimba, wanangoja waambiwe kama bwana harusi ni mwanamume. Nilitamani kunyamaza. Nilijiambia labda ni joto, labda ni kitambaa, na mimi fundi nilijua vizuri kwamba kitambaa kile hakiwashi.

"Nimesikia mwasho," nikasema. "Tangu asubuhi. Leo haiwezekani."

Akainuka, akaenda mlangoni, akaufungua kidogo, akawaambia mashangazi waende wakale pilau, leo hakuna cha kungoja. Ngoma ikanyamaza. Shangazi mmoja akaniombea kwa Mungu nipate nguvu. Nikasikia baba mkwe akiwatuliza, akiwaambia wasiingilie nadhiri ya mtu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mke wangu akafunga mlango, akavua vipuli vyake vizito, akaketi karibu yangu. Nilikuwa nalia, mtu mzima na kanzu yangu mpya, kwa aibu na kwa kumpenda.

"Umesema mwenyewe," akaniambia. "Tena leo. Basi siogopi."