Mama mukwe aliongea na pikipiki yangu, ndipo klachi ikashika

Wakuu, salamu zenu kutoka Kindu, Maniema.

Mimi ni mzee. Shule niliacha mwaka wa tatu wa primeri, kwa hiyo mkiona herufi imepinda nyamazeni, maana yake mtaipata. Nyumba ya matofali ninayolala nimeijenga na mikono hii, na pikipiki njo ilinipa. Mimi si muntu wa kutunga. Haya yalinipata mwenyewe, na aliyekuwa nyuma yangu kwenye kiti siku ile bado iko mzima. Nikisema uongo atanisuta.

Naandika kwa sababu juzi nimesoma humu mtu anauliza: pikipiki inalia sana lakini haivuti, nifanye nini? Mkamjibu wengi: kaza klachi, mkuu.

Nilikasirika.

Kaza, kaza! Na mimi nilikaza siku moja, nikakaribia kumuua mama wa mke wangu.

Kabla sijaendelea: kwetu pikipiki tunaita moto. Siyo moto wa jikoni. Na klachi tunaita ambreyaji. Na nikisema njo, ni ile ndiyo yenu. Nitachanganya, mtazoea.

Ilikuwa wakati wa vita. Kindu ilikuwa imefungwa, askari ndani ya mji, wenye bunduki wengine porini, hata chumvi kuipata njo ilikuwa shida. Nikachukua mke wangu Salima na mutoto wetu mchanga, tukakimbilia kwao, kijiji kimoja upande wa Tunda. Moto yangu niliipitisha vichochoro vya porini, nikaificha ndani ya shamba la mihogo, nikaifunika majani. Kijiji kile chote, mwenye kujua kuendesha nilikuwa mimi peke yangu.

Sasa mjue desturi ya kule. Mwanaume na mama mukwe hawashikani, hawaketi karibu, hawaongei uso kwa uso. Akitaka kitu anamwambia Salima, Salima ananiambia mimi. Nilikuwa nimeshaoa miaka, sijasikia jina langu kinywani mwake hata mara moja. Siyo chuki. Njo heshima.

Asubuhi moja alikuwa analima, nyoka akamuuma mguuni.

Walipomfikisha nyumbani mguu umeshavimba, jasho linamtoka, anatapika. Dawa ya nyoka ilikuwa hospitali tu, kule Tunda, na kwa miguu ni mwendo wa siku nzima. Wanaume wa kumbeba kwa machela hawakuwepo. Walikuwa wamejificha porini wasije wakakamatwa kubebeshwa mizigo ya wenye bunduki.

Bibi mmoja akasema, "Mukwe wake iko na moto."

Mwingine akaruka: "Akae mugongoni kwa mukwe wake? Amushike kiuno? Weee! Haya mambo gani?"

Salima akawageukia na machozi yake: "Basi mama afe, tumuzike na heshima yake?"

Hapo wakapata akili. Wakachukua kirago cha kulalia, wakakikunja kikawa kama gogo, wakakifunga na kamba, wakakisimamisha katikati ya kiti. Mimi mbele, kirago katikati, mama mukwe nyuma ameshika chuma cha mizigo.

Chekeni tu. Mimi siku ile sikucheka.

Wakati wao wanahangaika na kirago, mimi nilikuwa nahangaika na ambreyaji. Gia zilikuwa zinakwaruza, na hata nikishika mkono wa klachi mpaka mwisho, moto ilikuwa inataka kutambaa yenyewe. Waya ulikuwa umelegea. Nikachukua kle, spana kama mnavyosema nyinyi, nikakaza. Nikakaza tena. Mkono wa klachi ukawa mgumu kama chuma cha reli, nikaupenda ule ugumu. Nilifikiri ugumu njo uzima.

Tambarare tulienda vizuri. Tukavuka kijito, mbele yetu kilima cha mchanga.

Moteri, injini yenyewe, ikalia. Ikalia kama imepandwa na wazimu, lakini magurudumu hayasogei. Harufu ya kuungua ikaja. Nikazima, nikashuka. Na unafikiri fundi nilifanya nini?

Nilikaza zaidi.

Nikawasha. Sasa haikusogea hata kidogo.

Mama mukwe alikuwa ameshajikokota akaketi kwenye majani, mguu umekuwa kama shina la mgomba, midomo imekauka. Na pale hapakuwa na Salima, hapakuwa na mutoto wa kutumwa maneno. Tulikuwa sisi wawili na moto.

Basi akaikazia macho moto.

"We moto," akasema. "Siku ulifika kwetu, ulikuwa unaenda?"

Mimi nikajifanya napangusa taa ya mbele.

"Ulikuwa unaenda. Leo mwenye wako amekukaza kamba, njo umekataa. Mwambie akurudishe pale ulikuwa."

Wakuu, mimi niko na kiburi, sifichi. Nikaangalia tanki ya mafuta, nikajibu: "We moto, mwambie mama asiogope. Mimi niko fundi."

Akatapika kidogo, akapangusa mdomo.

"Moto, mwambie fundi wako, mguu yangu haina muda wa ufundi."

Nikachukua kle tena.

Nikangoja moteri ipoe, huku namwangalia kwa pembeni anavyohema. Nikalegeza waya, taratibu, mpaka mkono wa klachi ukapata mchezo kidogo pale nchani, unacheza kabla ya kuvuta waya. Nikamsaidia kupanda kwa kushika kirago tu, yeye ameegemea huko upande wake. Nikapiga kiki, nikatia ya kwanza, nikaachia klachi polepole.

Ikashika.

Ilishika kwa nguvu mpaka moto ikaruka mbele, kirago kikachomoka kikaangukia majanini, na mama mukwe akanikumbatia kiuno kwa mikono yote miwili.

Sikusimama kuokota kirago. Njia nzima kidevu chake kilikuwa mgongoni mwangu, na nilikuwa nasikiliza vitu viwili tu: moteri, na pumzi yake. Pumzi ikipungua naongeza mwendo. Nikisikia anaguna nashukuru, maana anayeguna yuko hai.

Tulifika. Wakamchoma sindano. Muuguzi aliyempokea, sijui hata jina lake, popote alipo Mungu ampe maisha.

Sasa wewe uliyeuliza, sikiliza. Hii kazi unaifanya nyumbani kwako, injini ikiwa baridi. Shika mkono wa klachi. Lazima uwe na mchezo, kama unene wa kidole kidogo pale nchani, kabla waya haujaanza kuvuta. Kama mchezo haupo, waya umekazwa mno, sahani za ndani hazishikani sawasawa, zinasuguana bure na kuungua. Legeza nati ya kufungia, zungusha kirekebisho, jaribu, halafu funga nati. Mchezo ukiwa mkubwa sana njo gia zinakwaruza, hapo kweli kaza, lakini kidogo kidogo. Na kama mchezo upo na bado inateleza, sahani zimekwisha. Nunua nyingine, usinitafute mimi.

Tuendelee. Salima alifika hospitali kwa miguu, mutoto mgongoni, akamkuta mama yake ameketi anakunywa uji. Nikamvuta Salima pembeni, nikamwambia nitatafuta kuku. Kwao mwenye kuvunja ile heshima analipa kuku, wazee wa kike wanamla, neno linaisha. Niliona mwenye kosa ni mimi, kwa sababu moto ni yangu.

Mama mukwe akatusikia. Akaweka kikombe chini. Akaniangalia mimi. Siyo ukuta, siyo Salima. Mimi, machoni, na akanitaja kwa jina langu.

"Mwanangu," akaongeza, "kuku njo nitalipa mimi. Mimi njo nilikushika."

Mimi nilitoka nje nikajifanya naenda kuangalia moto. Haikuwa na shida yoyote.

Na kweli aliporudi kijijini alilipa, jogoo mkubwa, bibi wale wakala mpaka mifupa.

Leo mama mukwe iko hapa Kindu, nyumba moja na mimi, anachechemea kidogo na ule mguu. Ananigombeza moja kwa moja sasa, asubuhi mpaka jioni, hapitii kwa muntu. Amani sina. Lakini kila akinifokea nashukuru Mungu, maana ile sauti ilibaki kidogo tu nisiisikie kamwe.

Nilichojifunza: kitu kikigoma baada ya mkono wako kukigusa, anza kuuliza mkono wako.

Anayeona niliharibu desturi aseme, uwanja ni wake, sikimbii. Ila aniambie na kwao, mama mukwe akiumwa na nyoka, wanambeba na nini.