Namba za Kazini Kwenye Funguo za Gari

Haya, chekeni, maana mke wangu kashawahadithia nusu na ameniachia nusu yenye aibu. Miaka hiyo ofisi yetu hapa Minneapolis ilitugawia kidude kidogo chenye namba zinazobadilika kila dakika, ili ukitaka kuingia kwenye kompyuta za kazini ukiwa nyumbani, nywila peke yake isitoshe, uandike na namba za wakati huo. Mimi nikakitundika kwenye funguo za gari (nikajiona mjanja, funguo nazijua zilipo siku zote).

Sasa asubuhi moja shemeji yangu Rehema, mdogo wake mke wangu, alikuwa na mtihani wa leseni. Amepata kazi hospitali kule Maplewood, anaanza Jumatatu, na huko bila gari ni taabu tupu. Nikawapa gari, mke wangu akamsindikiza, nami nikabaki kufanyia kazi nyumbani.

Mkutano wa simu ukaanza, bosi akataka nifungue ripoti, ndipo nikakumbuka kidude kiko wapi. Nikachukua simu ya mkononi nikampigia mke wangu. Kimya. Nikapiga tena, na tena, na tena (nanyi mnajua simu ya kufululiza hivyo kwetu ina maana gani: kuna msiba kule nyumbani Afrika). Kumbe mke wangu anasubiri ndani ya kituo cha mtihani, simu kaiacha garini, na Rehema yuko barabarani, mtahini kakaa pembeni yake. Akavumilia wee, mwishowe akaegesha, akapokea.

"Shemeji, ni mama?"

"Mama hajambo. Hebu nisomee namba kwenye hicho kidude cha funguo."

"Shemeji, niko kwenye test."

"Soma tu, mara moja."

Akasoma, nikaandika, zikawa zimeshabadilika. Nikamwambia arudie, sauti juu, nikasahau kuwa simu ya mezani, ile ya mkutano, iko wazi na ofisi nzima inanisikia. Nikakosea tena na tena mpaka akaunti ikajifunga. Mtu wa usalama wa kompyuta akaniuliza kwa upole, wote wakisikia, namba za siri za kampuni alikuwa akinisomea nani. Nikajibu ni shemeji yangu, yuko kwenye mtihani wa udereva. Walicheka mpaka mkutano ukaahirishwa.

Rehema hakucheka. Mtahini alimfelisha palepale, na nafasi ya kurudia haikupatikana mpaka theluji ilipoyeyuka. Siku hizi kidude nakaa nacho mfukoni, na simu isipopokelewa nasubiri. Lakini majira yale yote ya baridi nilimpeleka Maplewood mwenyewe, na kila asubuhi, akishafunga mkanda, aliniuliza taratibu, "Shemeji, nyumbani wazima?"