Pikapu ya mkwe ilinizibia chaji, mimi nikasema nilisahau

Admin, jina langu lifiche, ingawa wakisoma watu wa huku watanijua tu. Kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji hakuna dereva wa bajaji anayenizidi, na kwa sura ndiyo kabisa msijaribu kulinganisha. Kuna mama alishawahi kupanda kwangu akasahau anakoenda, nikamzungusha mpaka akakumbuka. Nina miaka ishirini na nne. Shule niliishia kidato cha pili, nikawaachia wengine nao wapate nafasi ya kuongoza darasa.

Bajaji yangu ni ya umeme. Wenzangu wa petroli wananicheka, wanaiita jokofu lenye matairi, lakini wakati wao wanapanga foleni ya mafuta mimi napita kimya kama paka. Shida ni moja tu, chaji. Nilikopanga mwenye nyumba hataki hata nichaji simu, kwa hiyo nachajia Rusimbi kwa Mama Shabani. Ana soketi ya bajaji chini ya bati, na nafasi ya kuegesha imepakwa rangi ya kijani, imeandikwa HAPA NI KWA ZA UMEME TU. Sasa ndugu zangu, mwandishi wa yale maneno angejua watu wa huku wanavyopenda kivuli asingepoteza rangi yake. Kila mwenye chombo cha petroli anaegesha pale.

Wengi nawaweza. Namwambia mtu, "Oya, kumbe yako nayo inakunywa umeme? Ngoja nikuchomekee waya kwenye tangi tuone." Anacheka, anasogeza.

Ila kuna pikapu moja siiwezi. Ni ya mzee anayeuza dagaa sokoni, ng'ambo ya barabara. Anaegesha hapo kutwa, inanuka dagaa mpaka paka wote wa Rusimbi wamehamia kwenye soketi yangu. Na mzee huyo ndiye baba wa msichana ninayetaka kumuoa. Nitamwita Mwajuma, si jina lake.

Mnajua heshima ya mkwe. Mtu hujapeleka hata posa, unaanzaje kumwambia mzee "sogeza gari"? Nikimuona naamkia, "Shikamoo mzee." Anaitikia, "Marahaba kijana. Hiyo yako mbona haina kelele, iko hai kweli?" Nacheka meno yote, yeye anafunga mlango anaenda zake. Nami nasubiri mpaka afunge biashara, abiria wanachukuliwa na wengine, naangalia.

Mama Shabani alikuwa ananisuta. "Mdomo wote huo, mbele ya yule mzee unageuka kondoo?" Mwajuma naye akasema, "Niache nimwambie baba, ni neno dogo tu." Nikamkataza. Nilimwambia nitaonekana mkwe wa masharti kabla hata ya kuingia nyumbani kwao. Basi ikawa hivyo kila siku, jamani, nimechoka mpaka uso umepoteza soko.

Ikafika siku ya posa. Mjomba wangu na wazee wenzake wawili wanakaa Simbo, mimi ndiye wa kuwafuata niwapeleke Ujiji, nyumbani kwa kina Mwajuma, baada ya Alasiri. Asubuhi nikaenda kuchaji. Pikapu hiyo hapo. Mama Shabani akanionyesha kwa kidole, "Yule pale anachagua mchele, nenda kamwambie." Nikamuona mzee anapepeta punje kiganjani, anabishana na muuzaji. Mchele wenyewe ni wa kulisha wageni wangu! Nitamwendea na maneno gani? Nikajiambia mimi si dereva wa kawaida, chaji iliyobaki inatosha, kwenye miteremko nitaiachia ijiendee.

Kwenda Simbo ilinifikisha. Kurudi ikazima tukiwa karibu tu kuingia Ujiji. Wazee wakashuka na kanzu zao nyeupe, wakasukuma. Mjomba akaniuliza huku anahema, "Mwanangu, tumekuja kuposa au kubeba mizigo?" Nikamwambia betri ina hitilafu. Wenzangu wa petroli wakipita wanapiga honi, "Jokofu limeyeyuka!"

Tulifika Magharibi imeshaswaliwa. Kwa kawaida mwoaji haingii, kwa hiyo nikabaki nje na bajaji yangu. Mzee mwenyewe akatoka. Akaitazama kanzu ya mjomba ilivyojaa vumbi, akanigeukia, akauliza taratibu kabisa, "Kijana, imekuwaje? Ulikosa pa kuchajia? Kuna mtu alikuzibia?"

Nikasema, "Hapana mzee. Nilisahau tu."

Akanitazama. "Siku ya posa, umesahau?"

"Ndiyo mzee."

Wazee walikaribishwa, wakala pilau iliyopoa, wakaambiwa mazungumzo yangoje siku nyingine. Siku hiyo haijatajwa mpaka leo.

Baadaye Mwajuma akanipigia, analia kwa hasira. "Mlivyochelewa nilimwambia baba kila kitu. Alitoka nje akuombe radhi! Wewe ukamwambia umesahau. Sasa anasema aliyemdanganya usoni kwa jambo dogo kama gari, kesho akimpiga binti yake atasema kaanguka."

Tangu hapo pikapu haiegeshwi tena pale. Mzee anaianika juani na dagaa wake. Nikimuamkia anaitikia, lakini hanitanii tena kuhusu kelele. Mwajuma anasema niende mwenyewe nikaseme kweli. Mjomba hajui lolote, bado anaamini ni betri, na nikimwambia sijui kama atakubali kurudi kuniposea.

Nyie wenye wakwe, nielekezeni pa kuanzia, kwa mzee au kwa mjomba? Msinifariji kuhusu chaji. Umeme ungeisha tu siku yoyote, na wazee kusukuma bajaji watu wangecheka wakasahau. Kilichoharibika kweli ni kwamba mzee aliniuliza vizuri, akiwa tayari kuniomba radhi, mimi nikamjibu uongo.