Nyumba Yetu Ndani ya Rangi ya Buluu

Ramani mpya ya mafuriko ilibandikwa kwenye ukumbi wa mtaa wetu, Alexandra, Jumamosi moja asubuhi. Nilikwenda kuitazama na wenzangu wa kikundi. Tulikuwa nyumba kumi na nne tukitaka kukata bima ya mafuriko kwa pamoja, na kampuni ilituambia tusubiri ramani hiyo kwanza. Mimi nilikuwa katibu.

Binti wa manispaa aliniuliza namba ya kiwanja. Akaitafuta kwa kidole, akanieleza kwa upole kwamba zamani nyumba yetu ilikuwa nje ya mstari wa mafuriko, lakini sasa imo ndani. Rangi ya buluu ilikuwa imepanda kutoka Mto Jukskei na kumeza nyumba nne za chini, yetu ikiwemo.

Nilikuwa nimeishi humo tangu nilipotoka Morogoro na mume wangu, alipokuwa akirudi kwao huku kutoka uhamishoni, ubaguzi wa rangi ulipokwisha. Miaka yote hiyo nilisikia mto ukipita nyuma ya ukuta na sikuuogopa. Sasa yeye ni marehemu, na nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama yake, ambaye miguu imegoma kabisa.

Wiki iliyofuata kampuni ilijibu: nyumba kumi zinakubaliwa, nne hazistahili. Ilinibidi nisimame mbele ya kikundi nisome orodha ambayo mimi mwenyewe sikuwemo.

Nilimsihi mama mkwe tuhame. Alikataa kwa Kizulu chake cha taratibu. Aliniita makoti, yaani bi harusi, kama anavyoniita hadi leo na mvi zangu hizi, akasema nyumba hiyo mumewe aliijenga kwa mikono yake, na karatasi haitamfukuza. Sikubishana. Nikaanza kuishi kwa kusikiliza. Wingu likitanda, niliacha cherehani nikapandisha vitambaa vya wateja juu ya kabati, nikavishusha, nikavipandisha tena.

Mvua yenyewe ilikuja saa tisa mchana, pamoja na mawe ya barafu. Mto ulibadilika sauti kwanza. Kisha maji yakapita chini ya mlango wa jikoni, meusi, yananuka. Nilimshika mama mkwe makwapani pale kitandani nikamvuta, hakuinuka. Nikajaribu tena. Maji yalipofika magotini, mikono ilishindwa kumkamata. Nikapiga kelele dirishani.

Aliyekuja ni jirani wa nyumba ya juu, Mkongo anayefanya kazi ya ulinzi. Aliinama kando ya kitanda akampa mgongo ambebe. Mama mkwe akasema haondoki bila picha ya mumewe iliyokuwa ukutani sebuleni.

Nilimweleza jirani kwa Kiswahili, akanigeukia. "Mama, umwambie picha tutaitafuta kesho. Yeye, mayi ikimubeba, hatutamupata tena."

Nilimtafsiria mama mkwe. Akamkumbatia jirani shingoni.

Tulikuwa kibarazani kwa jirani tukiyatazama maji yakifika kwenye madirisha yetu. Kabla ya magharibi yalishuka. Nyumba haikuanguka, ila cherehani zangu zote mbili ziliharibika, na ile picha hatukuipata.

Mama mkwe, akiwa amefunikwa blanketi la watu, aliniuliza kama wale wa manispaa walijua. Nikamwambia walijua, ndiyo maana walichora.

"Basi tuondoke, makoti," akasema. "Nimeogopa."

Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo, hata siku tulipomzika mwanawe. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia.

Sasa tumepanga vyumba viwili Rosettenville, mbali na mto, na nashona kwa cherehani ya kuazima. Mama mkwe hulala vizuri. Mimi bado. Mvua ikianza kugonga bati, naacha nilichoshika, naenda jikoni, nainama na kupapasa sakafu kwa kiganja nione kama ni kavu.